Kesi ya Ole Njogo: mikataba ya Wamaasai ambayo hakuna jaji aliyekubali kuisikiliza

Agosti 1904, Naivasha. Sir Donald Stewart, Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo chini ya Waingereza, ana karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza. Walio mbele yake ni malaiboni, yaani viongozi wa ibada, na wazee wa Kimaasai, wakiongozwa na Lenana mwana wa Mbatian. Maneno ya ile karatasi yanatoka Kiingereza yanaingia Kiswahili, na kutoka Kiswahili yanaingia Kimaasai. Majibu yanarudi kwa njia hiyohiyo. Mwishowe wazee wanatia alama zao chini, na serikali inaondoka na hati inayosema kwamba Wamaasai wamekubali kwa hiari yao wenyewe kuhama Bonde la Ufa.

Nimeanza na wakalimani kwa sababu lugha tunayosomea makala hii ndiyo iliyokuwa katikati siku ile. Hati ilisema kwamba makubaliano yale yatadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwapo kama kabila. Kwa Kiswahili chepesi: maadamu Wamaasai wapo. Hilo linafasirika bila shida. Kinachonisumbua ni namna hati yenyewe ilivyoitwa. Je, mkalimani alisema “shauri la serikali”, au alisema “maagano”? Shauri la serikali hutoka juu, na wewe kazi yako ni kulisikia. Maagano hufunga pande mbili, na anayeyavunja huulizwa. Kesi yote ya Ole Njogo iliyofuata mwaka 1912, na karne nzima ya madai baada yake, inazunguka tofauti hiyo.

Tuone kwanza watu wenyewe walikuwa katika hali gani. Miaka ya mwanzo ya 1890 sotoka, ugonjwa wa mifugo, ilimaliza ng'ombe, ndui ikafuata, na njaa ikaja nyuma yake. Wamaasai huuita wakati huo emutai, maangamizi. Mbatian, laiboni mkuu, alikufa karibu na 1890, na wanawe Lenana na Senteu wakagombea nafasi yake hadi watu wakapigana. Lenana, akiwa upande uliodhoofika, akajisogeza kwa Waingereza. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi 1899 na kufika ziwani 1901, ikipita katikati ya malisho bora ya Wamaasai. Walowezi wa Kizungu walipoanza kuomba ardhi, walichokitaka ni kilekile kilichokuwa kando ya reli: Naivasha, Nakuru, na nyanda zilizozizunguka.

Waingereza walimtambua Lenana kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote. Kosa hili halikuwa dogo. Laiboni kwa Wamaasai ni mtu wa ibada, wa kubashiri na kubariki. Mambo ya malisho na uhamaji huamuliwa na kila olosho, yaani kila sehemu ya kabila, kupitia wazee wake na wasemaji wa marika wanaoitwa ilaiguenak. Hapakuwa na Mmaasai mmoja aliyeweza kusimama akagawa nchi ya olosho nyingine. Serikali ilihitaji mtu wa kutia alama, na ilipomkosa ikamtengeneza.

Mkataba wa 1904 uliwagawa Wamaasai katika rizavu mbili, yaani maeneo waliyotengewa. Moja ilikuwa Laikipia, kaskazini. Nyingine ilikuwa kusini ya reli, kuanzia upande wa Ngong. Waliachia Bonde la Ufa. Badala yake walipewa ahadi kwamba mlowezi yeyote, Mzungu au mwingine, hatapewa ardhi ndani ya rizavu hizo. Palikuwa na mambo mengine mawili ambayo wazee walisisitiza yaandikwe, na yanaonyesha kwamba hawakuwa watu wa kusainishwa wakiwa wamelala. La kwanza ni njia ya kuunganisha rizavu mbili, pamoja na haki ya kunywesha mifugo njiani, ili ndugu wasitenganishwe. La pili ni angalau maili tano za mraba kwenye miteremko ya Kinangop, mahali ambapo wawili kati yao wangepaonyesha, kwa ajili ya sherehe za tohara.

Mtu anayeomba njia, maji na uwanja wa tohara anajua anachokitoa na anachokibakiza. Kwa hiyo siafiki wale wanaosema Wamaasai wa 1904 walidanganywa tu kama watoto. Walikuwa wamebanwa, ndiyo. Lakini ndani ya kubanwa huko walijadiliana, na walichokipata kiliandikwa.

Njia haikuwahi kutengwa ipasavyo. Karantini za mifugo zikaziba hata pale palipopitika. Kufikia 1908 na 1909 serikali ya Nairobi ilikuwa inalalamika kwamba kabila lililogawanyika haliwezi kutawaliwa vizuri, ilhali mgawanyiko wenyewe ulitokana na mkono wake. Dawa iliyopendekezwa haikuwa kufungua njia. Ilikuwa kuwaondoa Wamaasai wa Laikipia na kuwapeleka kusini kwa wenzao. Wakati huohuo walowezi walikuwa wameshaitazama Laikipia na kuiona ilivyo njema.

Gavana Sir Percy Girouard, mhandisi wa reli kutoka Kanada, ndiye aliyelisukuma jambo hili. Machi 1911 Lenana akafariki. Serikali ikasema kwamba kabla ya kukata roho aliusia watu wa kaskazini waungane na wa kusini. Wosia wenyewe ulitufikia kupitia maofisa wa serikali, nami siwezi kuuchukulia kuwa zaidi ya hapo. Mwezi uliofuata, Aprili 1911, mkataba wa pili ukatiwa alama. Uhamisho ukaanza, ukakwama. Mifugo na watu walisongamana wakipanda milima ya Mau kwenye baridi na mvua, wanyama wakafa, na watu wengi wakageuza nyuso wakarudi Laikipia. Mwaka 1912 serikali ikaanza upya. Kwa hesabu yake yenyewe, waliohamishwa walikuwa watu wapatao 10,000 pamoja na mamia ya maelfu ya ng'ombe na kondoo. Kule kusini walikokwenda, sehemu nyingi hazikuwa na maji ya kutosha, na kupe wa ndigana, homa inayoua ng'ombe, walikuwa wanawangoja.

Girouard mwenyewe hakudumu. London iligundua kwamba Laikipia ilikuwa imeahidiwa walowezi kabla wenyewe hawajaondoka, jambo ambalo alikuwa amelikana, na 1912 akajiuzulu. Daktari mmoja wa serikali, Norman Leys, aliyekuwa akipeleka habari za uhamisho huu kwa watu wa London, alihamishiwa Nyasaland. Gavana alikwenda, daktari akaenda, na uhamisho haukusimama.

Sasa tuisome kidogo hati ya 1911, kwa sababu ndipo shauri lilipoegemea. Waliotia alama wanajitambulisha kuwa ni Chifu Mkuu wa Wamaasai wote pamoja na wasimamizi wake, na wawakilishi wa Wamaasai wanaokaa kaskazini. Chifu Mkuu huyo ni Segi, mwana wa Lenana. Lile neno “wasimamizi” lisipite hivihivi. Mtu huwekewa wasimamizi kwa sababu bado ni kijana, hajafikia umri wa kuamua. Hati inayosalimisha Laikipia inakiri katika mstari wake wa kwanza kwamba anayeisalimisha bado anashikwa mkono. Kisha inasema watahama wakati wowote Gavana atakapoelekeza, kwa njia zozote Gavana atakazotaja, kwenda mahali popote kusini ya reli ambapo Gavana atawapa. Maneno ya 1904 yalikuwa ya pande mbili. Haya ya 1911 yanasema tu: tutakwenda utakakotuambia.

Miongoni mwa waliotia alama alikuwamo Ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwandika Legalishu, msemaji mashuhuri wa Wapurko, olosho iliyokaa Laikipia. Ndiye aliyekuwa akipinga uhamisho tangu mwanzo, na baadaye alisema alitia alama kwa kutishwa. Wapo wanaomwona msaliti kwa sababu ya alama ile. Mimi naona mtu aliyekuwa na mlango mmoja mbele yake na askari nyuma yake, na ambaye baada ya kupita mlango huo alitafuta mwingine. Mlango huo mwingine ulikuwa mahakama.

Mwaka 1912 Wamaasai wa Laikipia wakaweka wakili na kufungua kesi ya madai namba 91 katika Mahakama Kuu ya Himaya. Mdai wa kwanza aliandikwa Ol le Njogo. Wamaasai wenyewe humwita Ole Nchoko. Mdaiwa wa kwanza alikuwa Mwanasheria Mkuu wa serikali. Ukisoma madai yao leo unashangaa jinsi yalivyopangwa. Walisema mkataba wa 1904 ni mkataba halali kati ya serikali na Wamaasai wa Laikipia, na bado una nguvu. Walisema ule wa 1911 hauwafungi, kwa kuwa waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kutoa ardhi ya wengine, na wakazi hawakukubali. Wakadai pia fidia ya mifugo.

Kumbuka huu ni mwaka 1912. Wakili, hati ya madai na hoja ya ridhaa zilitoka kwa watu ambao walowezi wengi waliwaona kuwa washenzi wasiojua sheria.

Serikali haikujibu hoja hata moja kati ya hizo. Haikusema Segi alikuwa mtu mzima. Haikusema wakazi waliulizwa. Ilisimama na pingamizi la awali: hati hizi si mikataba ya kawaida ya kuamuliwa na mahakama, ni mikataba ya kimataifa kati ya Mfalme wa Uingereza na taifa la nje, na kitendo cha dola dhidi ya taifa la nje hakihojiwi katika mahakama za Mfalme. Mei 1913 Mahakama Kuu ikakubali. Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa nayo ikakubali.

Hoja ya majaji wa rufaa ndiyo kiini cha kisa hiki, na inafaa ifuatwe hatua kwa hatua. Himaya ya Afrika Mashariki, walisema, si ardhi ya Uingereza. Ni nchi ya nje ambayo Mfalme anaitawala kwa mamlaka aliyojipatia. Kwa hiyo Wamaasai si raia wa Mfalme, ni wageni wanaolindwa. Hata baada ya Himaya kuanzishwa walibakiwa na sehemu ya mamlaka yao ya kujitawala, na sehemu hiyo inatosha kuwawezesha kufunga mkataba na Mfalme. Basi hati za 1904 na 1911 ni mikataba ya mataifa. Na ikiwa ni mikataba ya mataifa, mahakama hii haina uwezo wa kuitekeleza wala kuuliza kama ilipatikana kwa haki.

Hebu tutazame hilo lilivyofanya kazi. Mgeni wa kweli, tuseme Mjerumani, akitendewa ubaya na Mfalme, nyuma yake kuna serikali ya Ujerumani ya kumdai Mfalme. Wamaasai waliambiwa ni taifa, lakini hapakuwa na baraza lolote duniani ambalo taifa la namna yao lingeweza kwenda kushtaki. Aliyewatambua kuwa taifa ni yuleyule aliyewalinda, na yuleyule aliyewahamisha. Na kutambuliwa huko kulidumu kwa muda wa kusoma hukumu tu. Nje ya chumba cha mahakama, ofisa wa wilaya aliendelea kuwaamuru, kuwatoza kodi na kuwapangia njia za kuhama, bila kuomba ruhusa ya taifa lolote.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Mahakama haikusema mkataba wa 1911 ni halali. Haikusema Wamaasai waliridhika. Ushahidi haukusikilizwa. Anayesema Wamaasai “walishindwa” kesi ya Laikipia anasema zaidi ya hukumu yenyewe. Wao waligonga, na mlango haukufunguliwa. Shauri halikufika katika Baraza la Mfalme London, mahakama ya mwisho ya rufaa. Na hukumu ya kwanza ilipotoka, watu walikuwa wameshahamishwa kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hata ushindi ungekuta ng'ombe wako upande wa pili wa Mau.

Mwaka 1920 Himaya ikageuzwa kuwa Koloni la Kenya, na wale wageni wakawa raia wa Mfalme usiku mmoja. Mtu angedhani sasa wanaweza kuingia mahakamani kama raia. Mwaka 1921, katika shauri la Wakikuyu wawili, Isaka Wainaina na mwenzake, Mahakama Kuu ikatamka kwamba kwa sheria za ardhi za Mfalme Waafrika ni wapangaji wa Mfalme tu, wa kukaa kwa ridhaa yake. Ukiwa taifa la nje, huna mahakama. Ukiwa raia, huna ardhi ya kuidai. Kati ya hukumu hizi mbili ilipita miaka minane tu.

Mwaka 1932 serikali ikaunda Tume ya Ardhi ya Kenya, na Wamaasai wakapeleka tena malalamiko ya Laikipia. Mwenyekiti wa tume hiyo alikuwa Sir Morris Carter, ambaye alikuwa miongoni mwa majaji wa rufaa waliotupa kesi ya Ole Njogo. Ripoti ya tume, 1934, haikuwarudishia Laikipia. Katika mazungumzo ya katiba London mwaka 1962, wajumbe wa Wamaasai walisimama tena na mikataba yao mkononi. Uingereza ikaondoka, Kenya huru ikarithi rejista ya ardhi kama ilivyoikuta, na mashamba makubwa ya Laikipia yakabaki na hati zake.

Agosti 2004, miaka mia moja kamili, Wamaasai wakaandamana Nairobi na Laikipia. Neno lililokuwa midomoni mwa wengi ni kwamba Waingereza walipewa ardhi kwa miaka 99, na miaka hiyo imekwisha. Baadhi ya wafugaji wakaingiza mifugo ndani ya mashamba. Serikali ikajibu kwamba lisi (hati za kukodishwa) za mashamba yale ni za miaka 999, ikatuma polisi, na mzee mmoja akauawa kwa risasi.

Hapa lazima niseme waziwazi, hata kama itawaudhi watu ninaowaunga mkono. Mkataba wa 1904 hauna miaka 99 ndani yake. Miaka hiyo ilitokana na sheria ya ardhi ya 1902, iliyoruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa muda huo, na baadaye sheria ya 1915 ikaurefusha hadi 999. Ni habari ya serikali na mlowezi. Wamaasai hawakukodisha kitu. Kilichoandikwa kwao kina nguvu kuliko miaka 99, kwa sababu hakina tarehe ya mwisho: Laikipia ni yao maadamu wapo. Madai ya miaka 99 yaliirahisishia serikali kazi, ikatoa kabrasha la lisi na kuonyesha tarehe. Laiti mjadala ungeanzia kwenye maneno ya 1904, na kwenye swali ambalo mahakama ilikataa kulisikia, yaani nani aliridhia 1911, wale waliokuja na kabrasha la lisi wangelazimika kulijibu.

Je, leo kuna mlango? Katiba ya 2010 imetambua ardhi ya jamii, na Ibara ya 67 imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Sheria ya 2016 ikaeleza kwamba dhuluma hizo ni zile za kuanzia 15 Juni 1895, siku Himaya ilipotangazwa, hadi 27 Agosti 2010. Uhamisho wa Laikipia unaingia humo bila kulazimishwa. Lakini sheria hiyohiyo iliwapa wadai miaka mitano tu ya kuleta madai, na dirisha likafungwa Septemba 2021. Kwa dhuluma iliyokaa zaidi ya karne, miaka mitano ni finyu mno. Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu wa asili linasema katika Kifungu cha 37 kwamba mikataba waliyofunga na dola itambuliwe na kutekelezwa. Siku lilipopigiwa kura, Kenya haikupiga ya ndiyo wala ya hapana.

Njia iliyofanya kazi zaidi kwa majirani ni ya nje ya nchi. Waendorois wa Ziwa Bogoria walishinda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, uamuzi ukatangazwa 2010. Waogiek wa Mau walishinda mbele ya Mahakama ya Afrika mjini Arusha, Mei 2017, na Juni 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya na kurudishiwa ardhi. Majaji wa Arusha hawakuuliza kama Waogiek ni raia au ni taifa la nje. Waliuliza kama waliishi pale, kama waliondolewa, na kama walishauriwa. Ni maswali yaleyale ya hati ya madai ya 1912. Kutekelezwa kwa maamuzi hayo kunasuasua hadi leo, lakini angalau mtu amesikilizwa.

Nami sifichi kwamba dai la Laikipia lina uzito wa pande nyingi. Kabla ya Wapurko, nyanda zile zilikuwa za Wamaasai wa Ilaikipiak, waliovunjwa vitani na Wamaasai wenzao katika miaka ya 1870. Wasamburu wapo, Wayaaku wa Mukogodo wapo, na wapo wakulima walionunua ploti zao kwa jasho. Suluhu yoyote itawagusa wote hao, na haiwezi kuwa kuwahamisha watu kwa malori kama walivyohamishwa wengine kwa bunduki. Serikali inaweza kuanza na mashamba ambayo lisi zake zinafika mwisho, kwa sababu Ibara ya 65 ya Katiba haimruhusu asiye raia kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99. 

Na kuna maili tano za mraba za Kinangop. Zimeandikwa mwaka 1904, na mkataba wa 1911, ule ulioichukua Laikipia yote, una sharti mwishoni linalosema kwamba haki ya Wamaasai juu ya uwanja ule wa tohara haiguswi. Nimezisoma hati zote mbili nikitafuta mahali ilipofutwa, na sikupaona. Leo Kinangop imejaa viazi na kabichi za wakulima waliogawiwa baada ya uhuru, watu ambao wengi wao familia zao nazo zilinyang'anywa ardhi na mkoloni yuleyule. Sijaona ramani ya serikali inayoonyesha uwanja huo.